Neno Nisilolijua

Cheka ukitaka, lakini hili lilinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Dixon Road, huku ughaibuni, ghorofa ya kumi na mbili, nikiwa na mwiko mkononi.

Mimi ni mtu wa ndani. Nje theluji, ndani kochi. Nitoke niende wapi? Hata kuzungumza na mama yangu aliyekuwa Tanga nilikuwa mvivu. Kila siku, saa tatu usiku kwake, saa saba mchana kwangu, lazima apige: kuku kataga, jirani kaoza binti. Basi nikaweka kwenye tableti programu ya akili mnemba, ile inayoiga sauti ya mtu. Nikaifundisha yangu, nikaipa kazi ya kupokea simu za mama. Elimu yangu kidato cha nne, lakini siku ile nilijiona profesa.

Ikapita miezi minne. Dada Mwajuma, aliyekuwa akiishi na mama, akanitania: "Siku hizi umekuwa mtoto mwema, mdogo wangu. Umeokota akili kwenye theluji?" Nikacheka. Ningemwambia nini?

Halafu siku moja akapiga akilia. Mama kazidiwa. Nikampigia mama mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Taja neno letu."

"Neno gani, mama?"

Kumbe dada alimwonya kwamba kuna mashine zinaiga sauti za watu, naye akapatana neno la siri na mwanawe. Mwanawe yupi? Unamjua.

"Wewe si mwanangu," akasema. "Mwanangu hana haraka hivi." Akakata.

Punde akapiga yeye. Kabla sijaiwahi simu, tableti ikapokea. Nikasikia sauti yangu, tamu kuliko yangu, ikimwamkia na kumnong'oneza neno nisilolipata.

"Kuna lijitu limenipigia kwa sauti yako, baba."

"Pole mama. Usilisikilize. Nipe radhi zako."

Nikapiga ukelele: "Mama, mimi niko hapa!"

"Nani huyo anapayuka?"

"Televisheni, mama."

Niamini, uongo ule ulikuwa wangu. Ndio niliozoea kumpa nikitaka kukata simu. Nikainyakua tableti, kidole tayari kuizima. Ndipo nikamsikia mama akicheka, kwa shida, lakini akicheka. Ningezima, angekufa akimwita nani? Kidole kikagoma.

"Nimekuradhia, mwanangu, duniani na akhera."

Alfajiri yao hakuamka.

Nilimuuliza shehe wetu: radhi zile zimemwangukia nani? Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniaga. Nikaiuliza tableti lile neno. Ikajibu kwa sauti yangu: "Hiyo ni siri yangu na mama."

Kuifuta nimeshindwa. Neno la mama liko humo, na huenda radhi pia. Saa saba mchana ikifika inawaka yenyewe, inasubiri simu. Nami siku hizi hushinda nje, kwenye baridi, mimi huyu wa kochi.

Wewe mama yako yuko hai? Mpokelee simu mwenyewe. Hata kama ni habari za kuku.