Msininyamazie Njiani

Enzi zetu pale Rhonda, mtaa wa Nakuru, mtoto hakununuliwa mchezo. Mchezo ulitengenezwa kwa kilichotupwa: waya, vizibo vya soda, soksi iliyopotelewa na mwenzake. Na sisi watoto wa Baba Nekesa tulikuwa na mchezo ambao sijauona kwingine hadi leo. Wajukuu wangu nilipowasimulia walinitazama kama mtu wa kuombewa. Tulicheza kusindikiza maiti.

Tuliomba katoni ya sabuni dukani, tukaifunga kamba ya katani, na ndani akalala Wafula, kitinda mimba wetu, kwa kuwa ni yeye tu aliyeenea humo. Wengine walivuta. Mimi Nekesa, mkubwa wao, nilitembea upande wa kichwa. Vituo vilikuwa vya barabara ya kwenda kwetu: bomba la maji lilikuwa Salgaa. Mlango wa choo ulikuwa Timboroa, maana hapo upepo haukuisha. Eldoret ilikuwa kwenye kamba ya nguo ya jirani, na Webuye, kwetu, kulikuwa nyuma ya jiko. Kila tulipofika mahali niliinama nikasema, "Wafula, tumefika Salgaa." Naye, macho yamefumbwa, alitakiwa kujibu, "Nimesikia." Asipojibu, anaachwa hapo hapo.

Mchezo huo tuliutoa kwa Baba. Baba alifanya kazi ya reli, ya kupaka mabehewa grisi, na harufu ile ya grisi na sabuni ya kipande ndiyo iliyotuambia amerudi kabla hatujamwona. Jumapili alipanga viatu vya shule mlangoni akavipiga rangi, vyetu na vya watoto wa ploti nzima. Mama akilala kidogo, yeye ndiye aliyepika uji wa wimbi. Wanaume wenzake walimcheka, eti Baba Nekesa amekaliwa chapati na mkewe. Yeye alicheka nao, akaongeza sukari.

Lakini mtu akifariki pale mtaani, Baba aligeuka mtu mwingine. Alilitungua kabuti lake jeusi kutoka msumarini, akaenda kuomba ruhusa kazini. Hakuuliza marehemu ni wa kabila gani wala kanisa gani. Alipanda gari pamoja na jeneza, akaketi upande wa kichwa, na njia nzima akamwambia marehemu walipofika. Aliamini kwamba mtu asiyeambiwa njia hubaki njiani. Mwili unafika, watu wanaimba, wanazika, na mwenyewe bado amesimama kando ya barabara akitafuta gari lake. Hata jirani aliyezikwa pale Bahati, nje kidogo ya mji, safari fupi kabisa, alitajiwa kila kona, mpaka mjane akacheka katikati ya machozi.

Akirudi hakutugusa kabla ya kunawa nje. Mama alimmiminia maji, nasi tulisimama mbali tukilitazama lile kabuti. Lilikuwa na baridi ambayo haikuwa ya Nakuru. Siku moja nilipata ujasiri nikamuuliza, "Baba, huwa wanakujibu?"

Alijipangusa mikono polepole. "Gari huwa nyepesi," akasema. "Hiyo inatosha."

Sasa, siku moja Wafula alilala usingizi wa kweli ndani ya katoni. Tulipofika chooni nikamwita, kimya. Sheria ni sheria: tukamwacha Timboroa, tukaenda zetu kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Baba alipotoka kazini akakuta katoni, na mtoto ndani amejinyoosha, mikono kifuani kama tulivyompanga. Sijasahau sauti aliyoita nayo jina la Wafula. Wafula alipofungua macho, Baba aliketi chini kwenye matope na ovaroli yake, akamkumbatia. Hakutupiga. Alisema tu, "Mtu haachwi njiani, hata kwa mchezo." Kisha akatutazama mmoja mmoja. "Na siku yangu ikifika, msininyamazie." Katoni akaichoma.

Baba aliishi miaka mingi. Alistaafu, akazika rafiki zake wote, akawasindikiza wote. Alifariki akiwa na vitukuu na meno yake mwenyewe. Asubuhi tulipomtoa mochari, watu wa Rhonda walijaza barabara, na basi la waombolezaji likatangulia. Nyuma, kwenye gari la maiti, tuliketi wawili, mimi na Wafula, jeneza katikati yetu. Kabuti tulimkunjia miguuni.

Wafula siku hizi ni mzee wa kanisa. Nilipofungua mdomo pale tulipotoka mjini, akainua mkono. "Dada, tafadhali. Baba ameokoka. Ako na Yesu, hana haja ya kuambiwa mambo ya Salgaa. Tusitie watu aibu." Akamwambia dereva aweke nyimbo za injili. Nikanyamaza. Sikutaka kugombana na ndugu yangu juu ya jeneza la baba yetu.

Tulipofika Salgaa, gari lilizima.

Lilizima tu, katikati ya malori, na redio ikazima nalo. Dereva, kijana wa mtaa wa Kaptembwo, akashuka, akainua boneti, akagusa hiki na kile. Mekanika wa pale akaja, naye akatikisa kichwa. Jua lilikuwa linawaka, lakini humo ndani nilisikia baridi ikipanda kutoka miguuni, na nikaijua. Ilikuwa ile ya kabuti.

Dereva akaja dirishani. "Boss, mafuta iko, betri iko. Hii gari haina shida." Akanigeukia mimi, akapunguza sauti. "Mathe, mimi nimebeba watu wengi hii barabara. Huyu mzee kuna kitu anangoja." Akarudi kwenye injini.

Nilimtazama Wafula. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaweka mkono juu ya jeneza, mimi bibi mzima mwenye mvi, nikainama kama nilivyoinama bombani.

"Baba, ni mimi Nekesa. Tumefika Salgaa."

Na humo garini, chini kidogo, kama mtu anayeamshwa usingizini, nikasikia: "Nimesikia."

Nilifurahi, siwezi kuficha. Nilidhani Wafula amelegea, amekumbuka mchezo wetu. Dereva akaingia, akawasha, injini ikaitika mara moja. Kuanzia hapo sikunyamaza tena. Nilimtajia Sachang'wan, nikamtajia Mau Summit. Timboroa ukungu ulishuka hadi kwenye vioo, dereva akawasha taa mchana, na nje hapakuonekana kitu. Hapo Wafula akainua kichwa akasema mwenyewe, kwa sauti iliyokatika, "Baba, hapa ni Timboroa. Hatujakuacha."

"Gari imekuwa nyepesi," dereva akasema.

Tulipomaliza kuzika nilimpelekea Wafula chai, nikamshukuru kwa kunijibu pale Salgaa. Akaweka kikombe chini.

"Dada, mimi nilikuwa nalia," akasema. "Nilidhani ni wewe umejijibu."

Hatujalizungumza tena. Ila Wafula akipita Salgaa siku hizi, na gari lake zuri, hushusha kioo na kupunguza mwendo, na mkewe hajui kwa nini.

Watoto wetu hawahitaji majina ya njia. Simu inawaambia, kata kushoto, endelea mbele, kwa sauti ya mwanamke asiyejua baridi ya Timboroa. Ukiwauliza wamepita wapi hawajui, wanajua tu wamefika. Na maiti siku hizi wanasafirishwa kwa spika kubwa na watu wa kupiga picha. Kelele ni nyingi, lakini marehemu mwenyewe hakuna anayemsemesha. Nami nalikumbuka lile bomba la maji, na kamba ya katani mkononi, na natamani tungeitwa sote turudi kucheza hata mara moja.

Wanangu nimewaambia. Siku yangu simu mnaweza kubeba, lakini izimeni sauti. Mmoja wenu aketi upande wa kichwa, ainame, aniambie tumefika wapi. Nikiweza, nitajibu.