Picha ya Mama Kwenye Tangazo la Msiba

Watu walikuja kunipa pole ya kufiwa na mama, na mama mwenyewe yuko chumbani anajipaka poda.

Mimi ndiye niliyesababisha. Makusudi kabisa.

Aliyekufa ni bibi, mama yake mama. Kwetu Mampong tangazo la msiba hubandikwa mji mzima: picha kubwa ya marehemu, chini vipicha vya wafiwa. Mama akanituma kwa mchapishaji.

"Picha yangu iwe kubwa kuliko ya marehemu," akaagiza. "Afriyie, mfiwa mkuu ni mimi. Watu wanione!"

Ningeweza kumwonya. Lakini nikakumbuka kanisani, nina miaka tisa, nimesoma zaburi bila kukosea na watu wakanipigia makofi. Mama akanyakua kipaza sauti.

"Huyu mnayemshangilia bado anakojoa kitandani!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mpaka leo siwezi kusimama mbele ya watu.

Bediako, yule mchapishaji, alikuna kichwa. "Dada, hii watu wataielewa vibaya."

"Weka kama alivyosema."

Asubuhi matangazo yakabandikwa. Saa nne nyumba imejaa.

Pokuaa, muuza vitambaa wa mtaani, akanikumbatia. "Pole mwanangu. Mungu mkubwa, sasa utapumua."

"Alikutesa sana yule," akadakia mwingine.

Mama alikuwa nyuma ya pazia. Niliiona miguu yake, imeganda pale.

Sikuwazuia. Nikaongeza kuni.

"Mtamkumbuka kwa lipi, mama zangu?"

Wakatazamana. Mwishowe Pokuaa akasema, "Alikuwa na vitambaa vizuri."

Pazia likafunguka.

Weee! Wanawake walitimka hao, mmoja akaacha viatu!

Mama akakaa sakafuni na nguo yake nyeusi ya msiba.

"Kuna hata mmoja aliyelia, Afriyie?"

"Hakuna."

Lilikuwa tamu hilo neno, sitaficha.

"Mama yangu alinitazama nikiwa wa kwanza darasani tu," akasema taratibu. "Nikiwa wa pili, chakula changu anampa mbwa. Nami namtazama yule mbwa akila."

Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo sana. Nikageuka nicheke.

Mlangoni alisimama Dufie, binti yangu wa miaka saba. Hakuwa anamtazama bibi yake. Alikuwa ananichunguza mimi usoni, kwa hofu.

"Mama, leo nicheke au nilie?"

Kicheko kikaniishia. Hivyo hivyo ndivyo nilivyokuwa namsoma mama yangu kila asubuhi, nijue siku yangu itakuwaje.

"Fanya unavyojisikia, mwanangu."

Akafikiri. Akafikiri sana.

"Sijui ninavyojisikia."

Wewe unayemlipizia kisasi mzazi wako, sikukatazi, maana mimi mwenyewe sijutii. Ila mtazame mtoto wako kwanza. Mimi nilikuwa nahangaika na aliyeniumiza, kumbe na mimi nina wa kwangu ninayemuumiza.