Mpishi Asiyeonja Mchuzi Wake

Mvuke umefunika dirisha zima la jikoni, na ndani ya mvuke huo amesimama mwanamke mwenye mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Anakoroga mchuzi wa nyama wa watu wa kiwandani. Anakoroga, ananusa, anapunguza moto. Kisha, badala ya kuchota tone aonje, anageuka na kuita.

"Wifi! Njoo."

Wifi yake, mdogo wa mumewe, anaacha mchele anaoupepeta, anajifuta mikono na kuchomoa kijiko mfukoni mwa aproni. Anachota. Anapuliza. Anafumba macho.

Mpishi anamtazama koo.

"Bado," wifi anasema. Anachukua chumvi kidogo kwa ncha za vidole, anairusha ndani, anakoroga, anaonja tena. "Haya. Sasa kimekuwa chakula."

"Umemsikia?" mpishi ananinong'oneza mimi mgeni wake, wifi akirudi kwenye mchele. "Sasa kimekuwa chakula! Vitunguu nimekata mimi. Machozi nimetoa mimi. Moshi umenila mimi. Yeye kaja na chumvi ya kujaa ukuchani. Subiri wafunguliwe, usikie dirishani anasifiwa nani."

Kiwanda hiki kinatengeneza magodoro, na watu wake wakitoka kula huja na vumbi la sponji nyweleni, wote weupe kama wamezeeka asubuhi hiyo hiyo. Mwanamume wa kwanza anaegemea dirisha la kupakulia na kuvuta harufu.

"Mkono Mtamu yupo?"

"Nipo, kaka," wifi anajibu huku akicheka.

"Leo umetuua, dada yangu. Harufu imenifuata mpaka kwenye mashine."

Kisha anamgeukia aliyeshika upawa. "Wewe Mama Majani, ongeza mchuzi basi! Unapima kama unatoa dawa!"

Mkono Mtamu na Mama Majani. Majina yote mawili yalizaliwa dirishani hapo, na la pili halimpendezi mwenyewe hata kidogo. Mpishi huyu hali nyama. Hali samaki wala mayai, hanywi maziwa, na asali haigusi. Anapika nyama ya kiwanda kizima kila siku ya kazi, na hajui ladha yake.

Amezoea maswali. Wakimwuliza anaumwa nini, anajibu haumwi. Wakimwuliza ni dini gani hiyo, anajibu dini yake ni ile ile ya kwao. Wakimwuliza sasa anakula nini, anajibu, "Chakula." Kwenye harusi ya binamu yake aliletewa sahani ya wali wenye rangi ya mchuzi, na shangazi akamwambia kwa upendo kabisa, "Kula mwanangu, nyama nimekutolea kwa mkono wangu mwenyewe."

"Nikala ndizi mbili," anasema. "Shangazi akaninunia mpaka wakakunja viti."

Yeye hana hotuba ya kumpa mtu. Ana kisa kimoja tu. Alikuwa akimwachisha ziwa mtoto wake wa mwisho, matiti yamejaa yanamuuma kama majipu. Kwa jirani kulikuwa na ng'ombe aliyezaa, na ndama wake alikuwa ameuzwa. Jirani, kwa wema, akamletea mtoto kikombe cha maziwa, bado yana joto.

"Nikakishika," anasimulia. "Kule nyuma ya ukuta ng'ombe analia. Huku ndani mwanangu analia. Na mimi kifua kinanivuja mpaka nguo imelowa. Nikajiona tuko wawili, mimi na yule ng'ombe, ila mimi mtoto wangu ninaye mapajani. Nikakirudisha kikombe. Jirani akadhani namwogopa kwamba ni mchawi."

Nyama ikafuata, kisha mayai, kisha samaki. Asali ilikuwa ya mwisho, na anakiri aliiacha ingali tamu mdomoni.

Kazini, mwanzoni, alificha. Akapika kwa pua na macho, na pua haisikii chumvi. Siku moja mchuzi ukatoka chapwa kabisa, siku ya pili ukatoka kama maji ya bahari, na siku hiyo mtu alirudisha sahani dirishani na chakula chake chote. Mpishi akaona kazi inamponyoka. Wifi alikuwa amekaa tu kwake, hana shughuli, ana ulimi unaojua vitu. Akaenda kwa msimamizi wa kantini kumwombea kazi ya kusaidia jikoni.

"Mimi ndiye niliyemleta," anasema, akijigonga kifua kwa mwiko. "Sikuletewa na mtu. Nilimfuata kwake, nikambembeleza, nikamnunulia na aproni."

Mumewe ni fundi viatu, na nyumba yao inanuka ngozi na gundi. Mke huvaa ndala za plastiki. "Nimeoa mwanamke pekee mtaani asiyetaka viatu vyangu," fundi hupenda kuwaambia wateja, na wao hucheka. Nyumbani anakula anachopikiwa: maharage, kunde, mchicha wa karanga. Halalamiki. Lakini Jumapili hupita kwa dada yake "kumsalimia tu", akarudi midomo inang'aa, akasema hana njaa.

"Wanawake wengine hunusa shati la mume kutafuta manukato," mpishi anasema. "Mimi natafuta samaki wa kukaanga."

"Na ukimpata?" namwuliza.

"Nampata kila Jumapili. Afadhali ingekuwa manukato, ningejua pa kuanzia ugomvi. Huyu ni dada yake! Nitasema nini? Niachie mume wangu, usimpe kitoweo?"

Ndivyo wivu ulivyomkaa. Kazini wifi kachukua midomo ya watu, nyumbani kachukua mdomo wa mume. Na katikati ya hayo, muda mfupi baada ya siku ile ya dirishani, mpishi mkuu wa kantini, mzee mwenye miguu iliyochoka, akaacha kazi. Msimamizi akawaita wote wawili.

"Mnajuana kuliko ninavyowajua mimi," akawaambia. "Lakini mpishi mkuu lazima aonje chakula chake. Fikirieni, Jumatatu mniambie."

Maneno hayo hayakuhitaji kufafanuliwa. Aliyekuwa jikoni tangu mwanzo, aliyemwita mwenzake, angeanza kupokea amri kutoka kwa kijiko alichokileta mwenyewe.

Ijumaa, mchuzi ulipoiva, hakuita. Alichukua kijiko kwenye rafu ya juu, akachota, akapuliza. Mafuta yakamdondokea kwenye ndala. Akakileta mdomoni, kikagusa mdomo wa chini.

Kofi likamjia mkononi. Kijiko kikaruka, kikagonga sufuria na kuanguka sakafuni.

"Una wazimu?" Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, mchele umemwagika miguuni. "Miaka yote hii, uje uvunje leo, kwa ajili ya kunikomoa mimi?"

"Nani kakutaja wewe?"

"Macho yako yananitaja kila siku! Nikimeza, unanitazama koo kama nimemeza pete yako!"

"Basi una watu dirishani, una mume wangu Jumapili, una cheo Jumatatu. Niachie hata kijiko!"

Wifi akakaa juu ya gunia la mchele. Ndipo akasema jambo ambalo mpishi huyu hajalimaliza kulitafuna mpaka leo.

"Mumeo? Unajua mumeo anakuja kunifanyia nini? Namkaangia samaki nimeunguza mikono, anakula huku anakusifu wewe. Ooh, maharage ya mke wangu. Ooh, karanga zake anavyozitwanga. Samaki wangu mdomoni, jina lako mdomoni! Mimi hakuna siku kaka yangu kaniambia ahsante. Mkono Mtamu, Mkono Mtamu, nimepika nini mimi? Nimetia chumvi kwenye chakula cha mtu."

Msomaji angedhani hapo walikumbatiana. Hawakukumbatiana.

"Niliona wivu zaidi," mpishi anasema, safari hii akicheka. "Kumbe ninasifiwa! Na sifa zangu zote kazipeleka kwa dada yake! Huyo mwanamume mimi nyumbani ananiambia 'nimeshiba' tu. Hata sifa zangu anakula wifi!"

Jumatatu alimtangulia wifi ofisini. Alisema cheo apewe anayeonja, ila ana sharti moja. Tangu zamani maharage ya kantini yalimaliziwa kwa mafuta yaliyoenguliwa juu ya mchuzi wa nyama, kwa hiyo yeye aliyeyapika alikuwa akija na chakula chake kwenye kibakuli kutoka nyumbani. Akaomba sufuria ya maharage iwe yake. Isiingizwe tone la mafuta hayo, na isiguswe na kijiko cha mtu mwingine.

Msimamizi akakubali. Wifi ndiye mpishi mkuu sasa, na bado anaitwa wifi.

Foleni ya nyama ingali ndefu kuliko ya maharage, na mwenye maharage haachi kuitupia jicho la pembeni. Lakini yule bwana wa vumbi la sponji aliyemwita Mama Majani alisogea juzi, akaonja kwa udadisi, akarudi na sahani.

Mpango wake ni kupata dirisha lake mwenyewe, upande wa pili wa jiko. Tumaini lake ni dogo zaidi: kwamba siku moja fundi viatu atasema "ahsante, mke wangu" akiwa nyumbani kwake, mdomo umejaa, na dada yake hayupo kusikia.

Kabla ya kengele, anatia karanga zilizotwangwa kwenye sufuria yake, anakoroga, anachota kidogo. Anapuliza. Anafumba macho.

Wifi ameacha mchuzi wake, amesimama kando, anamtazama koo.

"Vipi, wifi? Chumvi imekolea?"

Mpishi anameza polepole, macho bado yamefumbwa, na anamwacha asubiri.