Hiba ya Bwana Dharsi

Bwana Dharsi wa Barabara ya Tisa, Ngamiani, alikuwa bahili wa kupigiwa mfano. Nyumbani chai aliinywa kavu, eti sukari inamdhuru. Kwa jirani alitia mpaka kijiko kikakwama. Bi Kulsum, mkewe, alikuwa amemvumilia miaka mingi na kumdharau karibu yote.

Duka lao la mbele ya nyumba lilikwenda kwa mkono wa mke. Kulsum ndiye aliyepima mchele na kuchekecha choroko, ndiye aliyejua akina mama wa Muheza wanapenda kaniki ipi. Kazi ya Dharsi ilikuwa kukalia kiti. Hata bei ya chumvi alimnong'oneza mkewe amwambie, kisha akaitangaza kwa wateja kana kwamba ameshushiwa wahyi usiku.

Mwaka wa hamsini na nne akaugua kifua, na pale kitandani akakumbuka kwamba kuna kufa. Mwingine angemkumbuka Mungu. Yeye alikumbuka serikali, maana mwenye mali akifa ilikata kodi yake katika urithi kabla warithi hawajagusa kitu. "Hata maiti wamtoza kodi," akalalama, na machozi yakamtoka. Kulsum alimkanda kifua kwa mafuta ya nazi na hakumhurumia hata kidogo.

Kulsum naye alikuwa na lake lililomnyima usingizi. Kwa madhehebu yao ya Ithnaasheri, mjane harithi ardhi. Angepata thumni, fungu moja katika manane, ya thamani ya jengo, basi. Kiwanja kingekwenda kwa Mohamedhussein, mtoto wa mke wa kwanza, aliyekaa Mombasa na kuvuka mpaka wa Horohoro mara moja moja tu, aje atazame vyumba vya mama yake wa kambo na kukisia vitaingia magunia mangapi. Kulsum hakuzaa, na nje ya nyumba ile hakuwa na pa kuweka ubavu.

Dharsi alipopata nafuu akasikia msikitini kwamba kinachotoka kwa mume kwenda kwa mke serikali haikigusi. Akaamini papo hapo, kwa kuwa maneno yale hayakumgharimu. Akamchukua Kulsum mpaka kwa wakili, akamkalisha pembeni kama mwavuli.

"Waliokwambia wamekudanganya," wakili akasema. "Ukifa, kodi ni ile ile, arithi mke, arithi nani. Kinachosalimika ni ulichokitoa ukingali hai, ukaishi miaka kadhaa baada yake. Na kutoa ni kutoa, Bwana Dharsi. Mpe nyumba, mpe ufunguo, utoke. Ukiendelea kukaa bure, serikali itahesabu hukutoa kitu. Na dini yako nayo ni hivyo hivyo: hiba bila kukabidhi si hiba."

"Nitatoka," akasema Dharsi, akimkonyeza wakili. "Mpaka barazani."

Kulsum aliuona ule ukonyezo. Akatazama viatu vyake asije akacheka.

Hati ilipokamilika, Dharsi akawaita mashahidi wawili: Mzee Uweso, muuza kahawa, na Mwinyijuma, fundi cherehani. Mbele yao akatoa nje sanduku lake, godoro na kopo la tambuu, akiona fahari kwa ujanja wake. Ama kweli, akili nyingi huondoa maarifa. Akamnyooshea mkewe ufunguo.

"Nyumba hii nimekupa."

"Nimepokea," akasema Kulsum. Akaingia, akafunga mlango kwa komeo.

Dharsi akacheka, akanywa kahawa ya Mzee Uweso bila kulipa. Mwinyijuma akarudi kwenye cherehani yake. Baadaye Dharsi akainuka, akausukuma mlango. Akausukuma tena.

"Kulsum, fungua."

"Wasukuma mlango wa watu bila hodi?"

Tangu aijenge nyumba ile hakuwahi kupiga hodi mlangoni pake. Mzee Uweso akainamia vikombe vyake, akavisuuza vilivyokuwa safi.

"Hodi," akasema Dharsi, kwa sauti ya kuombea maji.

"Karibu hapo hapo barazani. Una haja gani, bwana?"

"Nataka kuingia nilale."

"Wakili alisema usikae bure, nami sitaki kuiharibu hiba yako. Chumba cha uani ki wazi. Kodi ya mwezi hulipwa mbele."

Dharsi akamgeukia muuza kahawa. "Mzee Uweso, huyu si mke wangu?"

"Mkeo ndiye," akajibu mzee. "Nyumba ndiyo si yako. Mimi ni shahidi."

Nyuma ya mlango Kulsum alikuwa ameukamata ufunguo mpaka umemwachia alama kiganjani. Aliogopa, na alifurahi kuliko siku ya harusi yake. Kisha, kwa mara ya kwanza katika ndoa ile, akamsikia mumewe akihesabu fedha za kumpa yeye.