Mlio Ambao Mimi Sikuusikia

Mwanangu, siku ile sijaisahau, ingawa ningependa. Tulikuwa tumeketi nje, hapa kwangu Kilungu, Makueni, tukimenya mbaazi za chakula cha mchana, mimi na Mutheu, mke wa kijana wangu. Corona ilikuwa imepita nyumbani kwetu na sote tulikuwa tumepona, au ndivyo nilivyodhani. Mutheu akaacha kumenya, akaniambia polepole, "Mama, hii sikio inalia. Haijanyamaza tangu ile homa. Naogopa."

Sikumuuliza anaogopa nini. Nilimuuliza hizo sauti zinasema nini.

"Hazisemi kitu, mama. Ni mlio tu, kama mbu."

Sasa nikueleze jambo la aibu. Mutheu ni msichana wa Kitui, na sisi wa Makueni tumezoea kuwatania watu wa huko kwamba kwao uchawi unauzwa sokoni kama nyanya. Tunacheka, nao wanacheka. Lakini siku ile utani ule niliuamini. Mimi, kiongozi wa maombi ya akina mama, niliyejiona namjua kila pepo kwa jina lake, nikakata shauri kwamba msichana huyu amekuja na kitu cha kwao.

Nikamwekea siku tatu za kufunga na kuomba. Nikatoa redio chumbani mwake, nikakataza watoto kucheza uani, ili nyumba iwe kimya amsikie Mungu. Siku ya pili akanishika mkono. "Mama, kukiwa kimya ndio inalia zaidi. Roho inanidunda. Nirudishie tu redio." Nikamwambia asishindwe na adui. Kufika siku ya tatu alikuwa akitetemeka, hata uji wa kufungulia jioni haupiti. Mume wake alikuwa kazini Malili, na kila akipiga simu nilimwambia mambo ni mazuri.

Jumapili nikamsimamisha mbele ya kanisa. Nikayasema yote, sikio lake na hofu yake, na Kitui nikaitaja. Mutheu alinitazama mara moja tu, akachukua leso yake, akatoka. Siku hiyo hiyo akarudi kwao.

Mama yake hakumuuliza mengi, alimpeleka hospitali. Daktari akamkagua, akamweleza kwamba masikio yanaweza kubaki na mlio baada ya ugonjwa wa virusi. Hofu huukuza ule mlio, nao mlio huongeza hofu, mpaka mtu anachoka kabisa. Akaambiwa haugui wazimu. Awe analala vya kutosha, redio iongee kwa sauti ya chini chumbani, na aende kuzungumza na mshauri kuhusu ile hofu. Redio, mwanangu. Ile niliyoitoa kwa mikono yangu.

Nilienda Kitui kuomba msamaha mbele ya wazazi wake. Walinipa chai, na Mutheu akanisamehe, maana ana moyo mzuri kunishinda. Alirudi kwa mume wake na tunaishi vizuri. Lakini tangu wakati huo, nikimuuliza habari ya afya hunijibu, "Niko sawa, mama." Akiwa na malaria, yuko sawa. Mwaka jana mimba iliharibika, na majirani walijua kabla yangu. Siku ile nilimpelekea uji akanipokea kwa heshima, akaniambia yuko sawa. Kama sikio bado linalia, mimi sijui. Nilipewa hofu yake mara moja nikaitangaza kwa kipaza sauti, na hatanipa tena.

Kwa hivyo mwanangu, mtu wako akikwambia anasikia au anahisi kitu ambacho wewe hukisikii, muamini. Mpeleke kwa daktari, na maombi yaende pamoja naye, yasimzuie njiani. Usimfungie na kimya chake. Kaa naye, pigeni hata gumzo la bei ya mbaazi. Na siri yake isitoke kinywani mwako, hata kanisani, hata kwa nia njema, kwa sababu nia yangu mimi ilikuwa njema.

Mungu akulinde, akulindie na masikio yako. Na mtu wako akikuletea hofu yake, Mungu akupe utulivu wa kumsikiliza mpaka amalize.