Bahasha ya Kaki

Pikapu ya baba ilikuwa imenizidi umri, na kila aliyepita uani kwetu Ujiji aliona haja ya kutushauri tuiuze kama chuma chakavu. Baba aliwajibu wakauze kwanza bibi zao. Aliiendesha tangu ujana wake, akishusha kahawa kutoka Kalinzi, kijiji alikozaliwa, hadi mjini Kigoma. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuingia chini yake ila mimi, bintiye, kwa kuwa alinifunza mwenyewe.

Mwaka jana madaktari walipotuambia ugonjwa wake umeshakwenda mbali, aliomba kitu kimoja tu. Nimpeleke Kalinzi kwa dada yake, akiwa amekaa kiti cha mbele, kwenye gari lake. Si teksi, si gari la kuazima. Lakini pikapu ilikuwa inavuja oili kwenye sampu, lile bakuli la chuma lililofungwa chini ya injini. Tukiilaza uani, asubuhi tunakuta dimbwi. Kwa ule mlima wa Kalinzi, injini ingekufa kabla hatujafika nusu. Ilibidi kubadili gasketi, ile karatasi inayoziba kati ya sampu na injini, na kuibadili upesi.

Tulisogeza kitanda chake dirishani, dirisha likaachwa wazi, nami nikajilaza chini ya gari, hatua sita kutoka kwenye mto wake. Nilifungua nati ya chini, oili ikashuka kwenye beseni, nyeusi tii. Kisha nikaanza kulegeza bolti.

"Unafuata mstari," akasema. Alikuwa anasikiliza spana, na kama kawaida akaniita mwanangu kwa lugha ya kwao Kalinzi. "Ruka, mwana wanje. Moja huku, moja kule. Ukifuata mstari sampu itapinda."

"Wewe mgonjwa au msimamizi?"

"Vyote."

Akacheka mpaka akakohoa.

Gasketi ya gari kama lile huipati dukani siku hizi. Baba alizikata mwenyewe kwa karatasi ngumu. Unailaza karatasi juu ya sampu, unagonga taratibu kwa nyundo pembezoni mpaka ukingo wa chuma wenyewe uikate. Matundu ya bolti unayatoa kwa gololi ya beringi: unaiweka juu ya tundu, unaipiga mara moja. Akaniambia nitazame nyuma ya kiti cha pikapu, kwani kila alipokata gasketi moja alichora na ya akiba.

Niliikuta imekunjwa mara mbili. Ilikuwa bahasha ya kaki, ile kubwa wanayotilia picha za eksirei. Upande mmoja ulikuwa umeshakatwa. Upande wa pili ulichorwa umbo la sampu kwa penseli, na katikati ya mchoro kulikuwa na jina la baba, tarehe ya miaka miwili nyuma, na mwandiko wa daktari: Arudi Jumatatu. Aje na ndugu.

Naikumbuka siku ile. Alisema anakwenda mjini kununua beringi, akarudi bila beringi, akashinda chini ya gari akiimba. Nilikuwa palepale uani, nafua. Huyo ndugu ni mimi. Ningeacha nguo kwenye beseni nikaenda naye siku hiyohiyo.

Nilisimama dirishani na ile bahasha mkononi. "Ulijua?"

Aliitazama, kisha akaitazama mikono yangu iliyojaa oili.

"Gari lilikuwa linavuja," akasema. "Na karatasi ilikuwa nzuri."

Sijawahi kukasirika vile. Nilitupa spana chini, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Mtoto wa nyoka ni nyoka: hasira yangu ni ya kwake, na hasira ya kwetu ikishapiga kelele inanuna. Nilinuna siku mbili. Nilimnywesha uji, nikambadilishia shuka, nikamgeuza ubavu, bila neno la ziada. Sampu ilikaa uani imefunikwa gunia, kuku wakipanda juu yake. Siku ya kwanza aliuliza kutoka dirishani, "Leo hatufanyi?" Nikajibu nimechoka. Siku ya pili hakuuliza.

Siku ya tatu nilirudi kazini. Nilikata upande ule uliobaki, nikigonga taratibu, na kipande cha katikati chenye mwandiko nikakitia mfukoni. Nilipaka grisi, nikapandisha sampu, nikarudisha bolti, moja huku, moja kule. Sauti ya baba ilikuwa imepungua mno.

"Kwa vidole kwanza," alisema. Na baadaye, "Iache ilale. Oili kesho."

Hiyo ilikuwa sheria yake, karatasi ikae usiku mmoja ishike. Nilitaka kumwomba radhi. Nikajiambia nitamwomba njiani, kwenye kona za mlima, maana usukani ukishaanza kuzunguka huwa anapenda mazungumzo.

Asubuhi nilimimina oili, nikawasha. Desturi yake ilikuwa kuisikiliza injini na kutoa hukumu: "Safi," au, "Zima, unaniulia gari!" Niliiacha ingurume nikingoja. Nikakanyaga mafuta kidogo, asije akasema hakusikia. Dirisha lilikuwa wazi. Nilijua kabla sijazima, na kwa kuwa nilijua, nilichelewa kuzima.

Alipanda Kalinzi akiwa nyuma, kwenye godoro lake, amefunikwa shuka hadi usoni, majirani wawili wakimshikilia. Mimi niliendesha mbele peke yangu, na kiti alichokiomba kilikuwa kitupu pembeni yangu. Watu wananiambia siku zake zilifika. Labda zilifika. Lakini ninajua pia kwamba kama nisingenuna, siku mbili kabla ya hiyo angekuwa amekaa pale, akinilaumu ninavyobadili gia. Kila nikianza kulisema hili watu hunikatiza, wakidhani wananifariji.

Tulipofika niliingia chini ya gari kwa mazoea. Sampu ilikuwa kavu kabisa.

Nilipotoka, shangazi yangu, yule dada yake, alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari. Macho yamemwishia siku nyingi. Alikuwa amenyoosha mkono mbele, anaupapasa ubavu wa pikapu.

"Amekuja na nani?" akauliza.

"Na mimi, shangazi," nikasema. "Amekuja na mimi."