Harufu ya Saulo

Pua ya Saulo ilikufa mwaka 1975. Alikuwa amekaa juu ya magunia ya viazi, kwenye lori lililotoka Mbeya kwenda Iringa, na karibu na Chimala dereva akakwepa ng'ombe. Saulo akarushwa, akaangukia kisogo. Alilala hospitali siku nyingi bila kujitambua. Alipoamka kichwa kilipona polepole, lakini walipomletea uji hakusikia harufu yake, na walipompeleka chooni hakusikia ya huko pia. Daktari alimwambia mishipa ya kunusia imekatika, na ashukuru hakupofuka.

Alikuwa Msafwa, mkulima wa viazi na pareto kwenye vilima vilivyo juu ya mji wa Mbeya. Mkewe aliitwa Yudith, na walikuwa wamebakiwa na mtoto mmoja tu, binti yao Sekela. Baada ya ajali jembe lilimshinda. Akiinama, kizunguzungu kinamwangusha. Kwa hiyo aliposikia kuna bwana anatafuta mtu wa kazi kule korongoni, mahali malori yalipomwaga taka za soko, alishuka kwenda kuomba.

Bwana huyo alikuwa Kalinga, fundi kijana kutoka Iringa aliyesomea mambo ya gesi ng'ambo. Watu waliokuja kabla ya Saulo walivumilia uvundo kidogo, kisha wakakimbia. Saulo alisimama ukingoni akamsikiliza fundi mpaka mwisho, akauliza ataanza lini.

"Wewe husikii?" Kalinga akashangaa.

"Sisikii kitu, bwana. Pua yangu imekufa."

Kalinga alicheka mpaka akashika magoti. "Mungu mwenyewe amekuleta," akasema.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Taka za soko, majani ya kabichi, maganda ya ndizi, nyanya zilizooza na uchafu wa machinjioni, zilijazwa kwenye korongo na kushindiliwa. Ndani yake yalilazwa mabomba yaliyotobolewa matundu. Juu yakafunikwa matabaka ya mfinyanzi na turubai la nailoni. Chini kabisa palichimbwa kisima kidogo, ambamo maji meusi ya taka yalichuruzikia. Saulo aliyateka maji hayo kwa ndoo, akapanda nayo mpaka juu, akayamimina tena ndani kupitia midomo ya mapipa yaliyofukiwa.

"Ukiziacha zenyewe, zitaoza miaka na miaka," Kalinga alimweleza. "Tukizinywesha maji yake zenyewe, zitaoza upesi, na gesi itatoka nyingi kwa mara moja. Tutaikamata yote."

Gesi ilisafiri kwenye bomba mpaka jiko la shule ya bweni iliyokuwa ng'ambo ya korongo, ambako kuni zilikuwa zimeanza kuadimika. Siku walipoiwasha mara ya kwanza mchana, Saulo hakuuona moto, maana ule wa gesi ulikuwa hafifu mno juani. Ilibidi mpishi aweke sufuria, na maji yalipochemka ndipo Saulo alipoamini. Alirudi nyumbani akiimba.

Yudith alimpokea mlangoni, kitenge amekibana puani. "Baba Sekela, usiingie hivyo."

Saulo akaoga. Akaoga tena. Kalinga akampa ovaroli mbili, na sabuni ya kufulia, na amri kwamba nguo za kazini zisitoke kazini. Saulo alifuata yote. Kila jioni alijisugua mtoni kwa jiwe mpaka ngozi ya mikono ikapasuka. Akifika nyumbani anamuuliza mkewe, "Je, leo?"

"Bado," Yudith anajibu. "Afadhali ya jana, lakini bado."

Angefanya nini? Mwenye pua angejinusa kwapa akamaliza ubishi. Saulo aliinua mkono wake mpaka usoni, akavuta pumzi, akapata hewa ya baridi tu. Hali yake mwenyewe ilimbidi aipate kwa midomo ya watu.

Na watu waliipenda kazi hiyo ya kumwambia. Kilabuni, alikozoea kunywa komoni, walimwekea kigoda chake nje. Vijana walimzomea njiani. Kanisani alihamishiwa benchi la nyuma, karibu na mlango, na siku moja Mika, seremala aliyekuwa kiongozi wa kwaya, alimfuata baada ya ibada akamshika bega kwa upole. "Ndugu Saulo," akasema, "tunakuombea. Lakini akina mama wanashindwa kuimba." Saulo akaona aibu kubwa. Jumapili iliyofuata alibaki kule kwenye shimo la taka.

Yudith ndiye aliyetoa shauri kwamba alale huko huko, kwenye kibanda cha vifaa. Alimpelekea blanketi na chungu. Chakula alikileta mwenyewe mwanzoni, kisha akawa anakiacha juu ya jiwe kubwa kando ya njia, na kuita kwa mbali. Kalinga alimsifu sana Saulo kwa kuhamia kazini. Aliwaambia wageni kwamba hapa kuna mtu anayeipenda kazi kuliko nyumba yake.

Mwaka 1977 Sekela akaposwa. Mchumba aliitwa Yotamu, mtu wa Ilula, na wazazi wake wangekuja na lori zima la ndugu. Yudith alishuka mpaka karibu kabisa na kibanda, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu.

"Baba Sekela, wakwe ni watu wa heshima. Wakikaa na wewe meza moja, watasema nini?"

"Nitaanza kuoga tangu Jumatatu," Saulo akasema.

"Umeoga mwaka mzima. Imeingia kwenye nyama. Unataka mtoto arudishwe?"

Hakutaka mtoto arudishwe. Mdogo wake, Ezekia, alivaa koti na kumtoa Sekela kanisani mahali pake. Saulo alisimama kwenye mteremko wa korongo, amevaa shati jeupe, akisikiliza kwaya kwa mbali. Lori la maharusi lilipopita barabarani alinyanyua mkono. Alimwona binti yake vizuri, ndani ya shela, pale mbele karibu na dereva. Sekela alitazama mbele.

Masika yaliyofuata shimo likaharibika. Kalinga alikuwa na haraka ya kuonyesha wakubwa gesi nyingi, akaongeza damu ya machinjioni na nyanya kwa mamia ya makapu, na maji juu yake, na mvua ikaongeza yake. Shimo likachacha kama togwa lililosahaulika. Gesi iliendelea kutoka, ila haiwaki. Mpishi aliwasha kiberiti baada ya kiberiti, na wanafunzi wakarudishiwa kuni. Kalinga akasema dawa ni majivu na mavi mabichi ya ng'ombe, mengi sana, ya kulirudisha shimo kwenye hali yake. Wafugaji wenye mazizi makubwa walikuwa Usangu, Wasukuma waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Akamtuma Saulo Chimala, huko huko Usangu, akae, azoe, na lori lije kuchukua.

Alifikia kwa Budeba, mfugaji mwenye zizi nje ya Chimala, na mkewe Roza. Saulo alizoa mavi kutwa nzima. Jioni walipokaa kula alichukua sahani yake akaenda kukaa mbali, upande unakoelekea upepo. Walimwita, akakataa. Walipotaka kumpa godoro ndani, akalala chini ya mkokoteni. Ilikwenda hivyo mpaka Roza akachoka.

"Mgeni," akamfuata kule kule, "sisi tumekukosea nini? Au dini yako inakataza kula na Wasukuma?"

"Hapana, mama. Nawahurumia. Mimi nanuka."

"Unanuka nini?"

"Shimo. Imeingia kwenye nyama."

Roza akaweka chini kibuyu cha maziwa. Akainama, akamnusa shingoni, kisha kichwani, kisha akamshika mkono na kunusa kiganja, vile anavyonusa kibuyu kujua kama maziwa yameharibika. Akamwita mumewe, naye akanusa. Wakatazamana.

"Viganja vinanuka mavi ya ng'ombe, kama vyetu," Roza akasema. "Kwingine ni sabuni. Nani alikwambia unanuka?"

"Watu wote," Saulo akajibu.

Budeba akaanza kucheka, akaona uso wa Saulo, akaacha.

Miezi ile ya kwanza alikuwa ananuka kweli. Baada ya ovaroli na sabuni, harufu ikaisha. Lakini Yudith alikuwa amekwisha kuonja raha ya nyumba isiyo na mume mgonjwa, na wengine walikuwa wameonja raha ya kumzomea mtu asiyeweza kuhakikisha. Saulo aliyapanga hayo moja moja akiwa juu ya lori la mavi, njia nzima ya kurudi Mbeya.

Alianza na Kalinga, aliyekuwa anasimamia upakuaji. "Bwana, mimi nanuka?"

Kalinga akamtazama. "Sasa hivi? Mavi kidogo."

"Mwaka jana."

Fundi akavua kofia, akaivaa tena. "Mzee Saulo, nilisikia wanavyosema. Nikaona ni mambo ya nyumbani kwako. Na mimi nilihitaji mtu wa kulala hapa. Mabomba yanaibwa."

Saulo akapanda mpaka nyumbani kwake. Ilikuwa adhuhuri, mlango wazi. Mika seremala alikuwa mezani amemaliza kula ugali, viatu amevua, na Yudith anamnawisha mikono. Mika aliinuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, akasahau viatu. Yudith hakukimbia. Akamwaga maji ya kunawa nje, akakaa.

"Umeambiwa," akasema.

"Kwa nini, mama Sekela?"

"Nilikuchoka toka ulipoanguka. Unaanguka shambani nakubeba, unaanguka njiani nakubeba. Ningekwenda kwa wazee wa kanisa, wangenirudisha kwako nikuuguze. Harufu haipelekwi barazani. Niliisema mara moja, nikaona watu wote wananisaidia."

"Na Ezekia alijua?"

"Nani hakujua? Wewe tu."

Saulo alitazama kitanda, kabati, picha ya harusi yao iliyopigwa mjini. Hakumpiga. Hakuchukua kitu. Alichouliza ni kimoja: kama Sekela naye alijua. Yudith akageuza uso. "Huyo kamuulize mwenyewe."

Akapanda gari la mizigo mpaka Ilula. Alimkuta Sekela kando ya barabara kuu, na madebe yake ya nyanya, mtoto mchanga mgongoni. Alipomwona baba yake alipiga magoti. "Shikamoo baba!"

"Marahaba. Siku ya harusi yako, nilikuwa nanuka?"

Sekela akapangusa nyanya kwa upande wa kanga. "Baba, umetoka mbali. Twende nyumbani ule kwanza."

"Nilikuwa nanuka?"

"Hapana."

Malori yalipita. Saulo akauliza kwa nini.

"Mama alisema ukija utamkuta mzee Mika amekaa karibu naye, utafanya ugomvi, na wakwe wataondoka," Sekela akasema. "Mimi nilikuwa nataka kuolewa, baba. Nikasema nitakuja kukwambia baadaye. Halafu baadaye ikawa ngumu."

"Nilisimama pale korongoni. Nilinyanyua mkono."

"Nilikuona." Machozi yakaanza kumtoka. "Mama alisema nisigeuke. Alisema nikigeuka nitalia, na poda itachuruzika."

Akamfungua mtoto mgongoni, akamnyoosha kwa baba yake kwa mikono miwili. "Mshike. Ni wa kiume. Nilimwita Saulo. Nilikataa jina la upande wao, nikasema huyu ataitwa Saulo."

Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi. Saulo alimtazama sana. Kisha akaweka mikono yake nyuma.

"Mtafutie jina lingine," akasema. "Hilo nalihitaji bado."

Basi la Dar es Salaam likasimama palepale, abiria wakatoa vichwa madirishani wakiuliza bei ya nyanya. Sekela alimrudisha mtoto mgongoni haraka, akakimbilia dirishani na debe, analia na kujibu wateja. Basi lilipoondoka Saulo alikwisha kuvuka barabara, amepata lori la kurudi.

Shimo lilipona. Mavi ya Usangu yalilirudisha, gesi ikawaka, wakubwa wakaja na hotuba zao, Kalinga akapigwa picha akiwa na sufuria la maharage. Baadaye Kalinga akahamishwa, mfinyanzi ukapasuka, mabomba yakaibwa kipande kwa kipande na shule ikarudi kwenye kuni. Saulo hakuwapo. Siku aliyotoka Ilula alishukia Chimala, akaenda moja kwa moja kwa Budeba akaomba kazi ya zizini. Walimpa godoro ndani na nafasi yake kwenye mkeka wa kulia. Waligundua upesi kwamba si mtu mzuri wa kukaa naye. Alikuwa akisema maneno ya kuumiza kwa watoto wa Budeba, na mtu akimsifu, alimuuliza anataka nini.

Sekela alimtafuta mpaka akajua alipo. Alikuja mara moja, kiangazi, na kapu la nyanya na shati jipya la baba yake. Saulo alimwona toka mbali akishuka barabarani, akapita nyuma ya zizi, akamwambia Roza aseme amekwenda malishoni.

"Mimi sisemi uongo kwa mtoto wa mtu," Roza akamjibu.

"Basi nyamaza."

Roza akanyamaza. Alimpa mgeni maziwa, wakakaa kivulini wakizungumza mambo ya bei na mvua. Saulo alichungulia katikati ya miti ya zizi. Mtoto alikuwa amekwisha kujua kutembea. Aliwafukuza kuku, akaanguka, akainuka, akaelekea moja kwa moja penye ndama waliofungwa.

"Saulo!" Sekela akapiga kelele. "Saulo, toka huko!"

Nyuma ya zizi mzee Saulo alishtuka, akapiga hatua moja. Akasimama hapo, mkono ameushika mti wa uzio, mpaka mama mtu alipomfikia mtoto na kumbeba. Wageni walikaa hadi jua lilipopoa. Lori la mpunga liliposimama barabarani waliondoka, na Saulo akachukua koleo, akaingia zizini kuzoa.